Begi Lisilofika na Bima ya Safari: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja: begi limechelewa, limepotea au limevunjika, na msomaji aliyeamini kuwa bima yake ya safari inamkinga anaambiwa kuwa dai lake lina kasoro. Tumechagua barua zinazogusa mambo yanayowapata wengi, tukaondoa majina ya watu na ya kampuni. Hati za bima hutofautiana, kwa hiyo viwango vya fedha tulivyovitaja katika mifano ni vya kuonyesha hesabu. Neno la mwisho limo katika hati uliyopewa wewe.

Swali: Shikamoo mshauri. Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Toronto kumtembelea kaka yangu, na njiani nilibadilisha ndege mara mbili. Begi langu halikufika hadi siku ya sita, na kwa baridi ile ilinilazimu kununua koti, viatu vya theluji na nguo za ndani. Shirika la kwanza linaniambia niulize shirika lililonifikisha, lile la mwisho linasema kosa lilifanyika huko nyuma, na kampuni ya bima inataka nilete kwanza uthibitisho wa kuchelewa kwa begi. Nani anapaswa kunilipa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Una milango miwili ya kudai, nayo inaongozwa na sheria tofauti, na sehemu kubwa ya usumbufu ulioupata inatokana na kuichanganya.

Mlango wa kwanza ni wa mashirika ya ndege. Safari za kimataifa kati ya nchi zilizoridhia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, zikiwemo Tanzania, Kenya na Canada, zinafuata masharti yake kuhusu mizigo. Mkataba huo hauruhusu mashirika yakurushie mpira jinsi yanavyofanya sasa. Kwa mzigo uliokabidhiwa, abiria aliyesafiri kwa ndege za mashirika kadhaa katika safari moja anaweza kulidai shirika la kwanza, au la mwisho, au lile lililobeba kipande cha safari ambako tatizo lilitokea, na mashirika hayo yanawajibika kwake kwa pamoja. Ni wao watakaotafutana baadaye kuhusu nani alikosea. Si kazi yako kufanya uchunguzi huo. Kwa desturi huanza kulishughulikia shirika la mwisho, kwa sababu ndilo lenye kaunta mahali ulipofikia, hivyo andikia hilo na utaje haki hiyo waziwazi.

Kuna jambo moja la haraka. Malalamiko ya kuchelewa kwa mzigo lazima yaandikwe na kupelekwa ndani ya siku 21 tangu siku ulipokabidhiwa begi lako. Kupiga simu hakutoshi, na kuzungumza na mhudumu kaunta hakutoshi. Siku hizo zikipita, mlango huo unafungwa, isipokuwa kama shirika lenyewe lilitenda kwa udanganyifu. Tafadhali hesabu siku zako leo hii kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Fahamu pia kwamba katika suala la kuchelewa, shirika linaweza kujitetea kuwa lilichukua hatua zote zilizowezekana kuzuia hali hiyo, lakini mzigo wa kuthibitisha utetezi huo uko juu yake.

Mlango wa pili ni wa bima. Hati nyingi zina kifungu cha mzigo uliochelewa kilicho tofauti na kifungu cha mzigo uliopotea. Huanza kufanya kazi baada ya saa kadhaa kupita, mara nyingi 12, na hulipa kiasi kidogo kwa ajili ya mahitaji ya lazima. Koti na viatu katika baridi ya Toronto ni mahitaji ya lazima bila shaka yoyote, na ningelitetea dai hilo mbele ya mtu yeyote. Kampuni, hata hivyo, hulipa kwa risiti, na risiti zisionyeshe vitu vilivyonunuliwa baada ya begi kufika.

Uthibitisho wanaoutaka ni ile ripoti inayoandikwa kwenye kaunta ya mizigo kabla ya kutoka uwanjani, ambayo mashirika huiita kwa kifupi PIR. Ukiitazama utaona namba ya kumbukumbu yenye herufi na tarakimu kumi kwa jumla: herufi tatu za uwanja ulipotoa taarifa, alama mbili za shirika, kisha tarakimu tano. Kwa namba hiyo mzigo hufuatiliwa kutoka uwanja hadi uwanja. Iambatanishe na kile kibandiko kidogo ulichopewa ulipokabidhi begi Dar es Salaam, chenye namba ya tarakimu kumi na herufi za uwanja wa mwisho. Kisha liombe shirika barua inayotaja tarehe na saa ambayo begi lilikufikia, kwa sababu PIR huthibitisha kwamba begi halikuwepo, lakini haisemi lilikuja lini.

Nina ombi kwa wasomaji wengine pia. Unapokabidhi begi, soma herufi tatu zilizo kwenye kibandiko kabla mzigo haujaondoka kwenye mkanda. Anayekwenda Kilimanjaro aone JRO, anayekwenda Zanzibar aone ZNZ. Kosa likionekana hapo, mhudumu hulirekebisha papo hapo.

Swali: Mimi ni mama mtu mzima. Mwanangu anaishi Hamburg na amenialika. Wakala amenikatia bima ya viza ya Schengen na akaniambia nimekingwa kila kitu hadi yuro 30,000. Nitabeba zawadi: samli, achari ya maembe, viungo, na bangili za dhahabu za mjukuu wangu. Je, begi likipotea nitalipwa? (Mama, Mombasa)

Jibu: Shikamoo mama. Nasikitika kwamba wakala hakukueleza vizuri, kwa sababu kosa hili linawapata wazazi wengi. Zile yuro 30,000 ni kiwango cha chini kinachotakiwa na kanuni za viza za Schengen kwa ajili ya matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini, na kurudishwa nyumbani ukiugua au kufariki ukiwa safarini. Kanuni hizo hazidai kabisa kwamba begi lako liwe na bima. Hati nyingine huongeza kinga ya mizigo na nyingine haziongezi, nawe huwezi kujua kwa kutazama cheti cha ukurasa mmoja ulichopeleka ubalozini. Mwombe wakala hati kamili yenye jedwali la mafao, umwambie mtu akusomee mstari wa mizigo. Kama haupo, muulize ni kiasi gani cha kuongeza ili uwekwe, kabla hujasafiri.

Hata ukiwepo, mama yangu, bangili zisiingie katika begi linalokwenda chini ya ndege. Takriban kila hati ninayoijua inavitenga vito, fedha taslimu na vifaa vya elektroniki vikiwa katika mzigo uliokabidhiwa. Zivae, au ziweke katika mkoba utakaokaa nao mwenyewe tangu nyumbani hadi kwa mwanao, na ubaki na risiti ya sonara au picha zake.

Samli ningekushauri uiache nyumbani. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria wanaotoka katika nchi nyingi za nje, Kenya ikiwemo, kuingia na nyama au vyakula vya maziwa, na samli imo humo. Ikichukuliwa na maofisa wa forodha, bima hailipi, kwa sababu kitu kilichozuiwa na mamlaka hakihesabiwi kuwa kimepotea. Achari nayo ifungwe vizuri ndani ya mifuko miwili, maana nguo zilizoharibiwa na kitu kilichomwagika kutoka ndani ya begi lenyewe huwa nje ya bima katika hati nyingi.

Swali: Begi langu lilipotea kabisa nikirudi Arusha. Niliwasilisha dai la dola 1,150: kamera dola 600, suti dola 250, viatu dola 100 na nguo nyingine dola 200. Hati inasema mizigo imekingwa hadi dola 1,000. Nilitegemea angalau hizo 1,000, lakini nimeletewa ahadi ya dola 390. Huu si wizi? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Ndugu msomaji, uchungu wako naufahamu, na nimeusoma kwa makini ule ukurasa wa hati ulioambatanisha. Sioni wizi, ila naona kampuni iliyokuuzia namba kubwa na kuacha namba ndogo zijitokeze siku ya msiba. Ngoja tuifuate hesabu yao hatua kwa hatua, kwa sababu ukiielewa utajua pia pa kuipinga.

Dola 1,000 ni kiwango cha juu cha mzigo wote. Chini yake kuna kiwango cha kitu kimoja, ambacho kwako ni dola 200. Halafu kuna uchakavu: bima ya mizigo kwa kawaida hairudishi bei ya dukani bali thamani ya kitu siku kilipopotea, na wao wamekata asilimia 20. Suti ya dola 250 imekuwa dola 200, ikaingia ndani ya kiwango bila kuguswa tena. Viatu vimekuwa dola 80 na nguo nyingine dola 160. Kamera baada ya uchakavu ingebaki dola 480, lakini kiwango cha kitu kimoja kinaishusha hadi dola 200. Jumla inakuwa dola 640. Kutoka hapo wanaondoa dola 50, ambazo hati inasema mteja hujibebea mwenyewe katika kila dai, na unabaki na dola 590. Mwisho wameiondoa kamera yote kwa kuwa ilikuwa ndani ya begi lililokabidhiwa, ndipo tunapata 390.

Sasa angalia palipo na nafasi. Kifungu kinachotenga vifaa vya elektroniki kimeandikwa katika hati yako kwa lugha iliyo wazi, na sidhani utakishinda. Asilimia 20 ya uchakavu, hata hivyo, haimo popote katika kurasa ulizonitumia. Hati inasema tu kwamba umri na hali ya kitu vitazingatiwa. Kama suti uliinunua miezi mitatu kabla ya safari na una risiti yake, kuikata sawa na nguo ya miaka mingi si haki. Andika barua, dai mchanganuo wa kila kitu peke yake pamoja na sababu, na uambatanishe risiti zenye tarehe. Wakikataa au wakikaa kimya, lipeleke jambo hilo kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, au kwa ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa msomaji aliyeko Kenya, mamlaka husika ni IRA.

Usisahau pia kuwa shirika la ndege bado linawajibika. Chini ya Mkataba wa Montreal, begi ambalo halijafika baada ya siku 21 tangu siku lililopaswa kufika, au ambalo shirika limekiri kuwa limepotea, abiria anaweza kulidai kama lililopotea. Kiwango cha juu kwa kila abiria ni SDR 1,519 tangu tarehe 28 Desemba 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 1,288. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na 1,519 ni sawa na takriban dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo, si malipo ya moja kwa moja, na utatakiwa kuthibitisha hasara huko pia. Sehemu ambayo bima haikulipa unaweza kuidai kwa shirika, na una miaka miwili tangu siku ndege ilipofika kufungua kesi mahakamani. Iambie kila upande ulicholipwa na mwenzake.

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Nilitoka Guangzhou na mabegi mawili ya magauni na vifaa vya simu. Moja halikuonekana. Kampuni ya bima imekataa kabisa, inasema si vitu vyangu binafsi. Lakini ni mali yangu na nimeilipia! (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)

Jibu: Kaka, kwa hili kampuni iko sahihi, nami sitakupa matumaini ya uongo. Bima ya safari imetengenezwa kwa vitu vya msafiri: nguo zake, viatu vyake, dawa zake, vitu anavyovitumia mwenyewe. Magauni 80 ya saizi mbalimbali yaliyofungwa kwenye nailoni ni bidhaa, na bidhaa na sampuli za biashara hutengwa karibu katika kila hati. Kinachokinga bidhaa ni bima ya shehena, inayokatwa kwa thamani iliyo kwenye ankara za muuzaji, nayo hupatikana hata kwa mizigo midogo ya ndege inayopita kwa mawakala wa usafirishaji.

Shirika la ndege hata hivyo lilipokea begi na kukupa kibandiko, kwa hiyo lidai kwa maandishi ukiwa na ankara na uthibitisho wa malipo, huku ukisoma masharti yake ya usafirishaji kuona linasemaje kuhusu bidhaa. Na kwa safari ijayo, jua kwamba Mkataba wa Montreal unamruhusu abiria kutangaza thamani maalumu ya mzigo wake wakati wa kuukabidhi na kulipa ada ya ziada, jambo linalopandisha kiwango cha juu cha fidia hadi thamani iliyotangazwa. Fika kaunta mapema, maana wahudumu wengi hawaulizwi jambo hili mara kwa mara na watahitaji muda wa kulishughulikia.

Swali: Assalaam alaykum. Naishi Maskati, na mwezi ujao nakwenda Zanzibar kwa ndugu zangu kwa pasi ya Oman. Nimeambiwa nilipe dola 44 za bima. Nina bima nyingine ya safari kupitia kazini. Begi likipotea, nitalipwa na zote mbili? (Msomaji, Maskati)

Jibu: Waalaykum salaam. Zanzibar iliweka bima ya lazima kwa wageni tangu tarehe 1 Oktoba 2024, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, na kinga yake hudumu hadi siku 92. Imelenga zaidi dharura za kiafya, ingawa upotevu wa mizigo umo miongoni mwa mambo inayoyagusa. Kuwa na bima ya kazini hakukuondolei wajibu wa kuilipia.

Hutalipwa mara mbili kwa begi moja. Msingi wa bima ya mali ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, bila kumpa faida. Kampuni mbili zinaweza kugawana malipo, au ya pili ikajazia pale ya kwanza ilipofikia kikomo. Toa taarifa kwa zote mbili mapema na uzieleze kuwa kuna bima nyingine. Kulificha hilo kunaweza kuliua dai zima. Tazama pia kama bima ya kazini inahusu safari binafsi au zile za kazi tu.

Swali: Niliibiwa begi dogo kwenye stendi ya mabasi wakati nimeingia kununua maji. Bima inasema niliacha mzigo bila uangalizi. Nilirudi nyumbani siku tatu baadaye ndipo nikaenda polisi. (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Dai lako, dada yangu, lina matatizo mawili, na kila moja linatosha kulikwamisha. Begi lililoachwa mahali pa watu wengi bila mtu wa kuliangalia halikingwi, hata kama ni kwa dakika mbili. Pili, hati nyingi zinataka taarifa ya polisi ndani ya saa 24, na katika kituo cha eneo tukio lilipotokea. Msomaji mwingine aliyeibiwa njiani aende kituoni kabla ya kupanda basi linalofuata, achukue namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, yaani RB, au OB akiwa Kenya, na ahakikishe kila kitu kilichoibwa kimetajwa kwenye maelezo, kwa sababu kitu kisichotajwa siku hiyo ni vigumu sana kukiongeza baadaye. Kwako wewe, peleka tiketi ya basi na maelezo ya shahidi kama alikuwepo mtu aliyebaki karibu na mzigo. Uwepo wa mtu huyo ndio pekee unaoweza kubadilisha uamuzi.

Swali: Mlangoni pa ndege mhudumu alisema sehemu ya mizigo ya juu imejaa, akachukua begi langu la mkononi na kulipeleka chini. Lilirudi mkono wake umevunjika na kompyuta mpakato imepasuka kioo. Je, hilo bado ni begi la mkononi kwa bima? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Tangu lilipopewa kibandiko na kuchukuliwa, limekuwa mzigo uliokabidhiwa, na kile kifungu cha vifaa vya elektroniki kinaweza kutumika dhidi yako ingawa hukuchagua wewe. Andika katika dai kwamba lilichukuliwa kwa amri ya shirika, utaje lango na namba ya ndege, na uombe shirika lithibitishe. Baadhi ya kampuni hulizingatia hilo. Kwa shirika lenyewe, malalamiko ya mzigo ulioharibika katika safari ya kimataifa yana siku 7 tu tangu ulipoupokea, nayo yawe ya maandishi. Piga picha za begi na kompyuta, na usilitengeneze wala kulitupa begi hadi upande wowote ukuandikie kuwa hauhitaji kulikagua. Mikwaruzo na magurudumu yaliyolegea huchukuliwa kuwa uchakavu wa kawaida, lakini mkono uliong'oka pamoja na kioo kilichopasuka ni uharibifu, na unastahili kujibiwa.

Safari nyingine likitokea jambo hilo, mwombe mhudumu dakika moja utoe kompyuta, dawa, hati za kusafiria na betri ya akiba ya kuchajia simu. Betri ya akiba hairuhusiwi kabisa kukaa chini ya ndege kwa sababu za usalama, hivyo mhudumu mwenyewe anapaswa kukuuliza kama unayo. Vitu hivyo vitoe mbele yake, chukua kipande chako cha kibandiko, ndipo umwachie begi.